Mlenda Kwenye Pipa la Makarius

OPERETA: Mpanda, mtu wako huyu hapa. Dakika tatu tu!

MAKARIUS: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

ROMANA: Romana! Romana wa misheni, Majimoto!

MAKARIUS: Romana! Shikamoo— aa, hapana, habari za—

ROMANA: (anacheka) Weye! Tangu lini unaniamkia mimi?

MAKARIUS: Furaha hiyo. Mbona unahema?

ROMANA: Nimekimbia kutoka bustanini. Makarius, pipa lako la kuchujia limeziba.

MAKARIUS: Limeziba vipi?

ROMANA: Maji machafu ya jikoni yamejaa juu pomoni. Huku chini kwenye kabichi halitoki hata tone!

MAKARIUS: Mama yangu wee! Na yule mgeni wa idara ya maji anatoka Sumbawanga, anafika hapo kesho saa nne! Pipa lisipochuja mbele ya macho yake, kazi sipati. Nisipopata kazi, baba yako—

ROMANA: Najua alivyosema. "Maji yakipita, wazee wake wa posa nao wapite."

MAKARIUS: Na yakikwama?

ROMANA: Haloo? Simu inakoroma!

MAKARIUS: Nimesema— basi, acha. Kile kitambaa cha marekani juu ya mchanga, umekitoa?

ROMANA: Ninacho mkononi. Kimeshika ute, Makarius. Mlenda mtupu!

MAKARIUS: Maji ya sufuria za ugali hayaleti ute namna hiyo kwa siku mbili tangu niondoke. Unanuka?

ROMANA: Kidogo.

MAKARIUS: Unanukaje?

ROMANA: Unanuka sikukuu.

MAKARIUS: Romana!

ROMANA: Haya, ni machicha ya pombe! Mama amechuja pombe, kaosha mitungi mitano kwenye sinki la jiko la misheni. Si unajua mpishi ni yeye? Nani atamkataza?

MAKARIUS: Mitungi mitano! Machicha yote kwenye kitambaa changu! Sista Séverine hajaona?

ROMANA: Amepita, akavuta pua, akasema, "Katarina, uji umechacha." Mama akaitikia, "Ndiyo, Sista."

MAKARIUS: (anacheka mpaka anakohoa) Usinichekeshe, mwenzio nakufa huku! Sikia. Usikisugue kwa brashi, utausukumia ute ndani ya nyuzi. Kigeuze, kimwagie maji kwa nguvu upande wa chini. Halafu kiloweke kwenye maji ya majivu, suuza, anika. Jua lipo?

ROMANA: Linachoma!

MAKARIUS: Mchanga wa juu kwangua kina cha vidole viwili, utupe. Kisha mwambie mama—

ROMANA: Mwambie mwenyewe!

MAKARIUS: Nani, mimi? Thubutu! Lakini Romana, mitungi mitano… kwenu kuna msiba?

ROMANA: Hamna.

MAKARIUS: Kipaimara?

ROMANA: Hamna.

MAKARIUS: Sasa pombe yote hiyo ya nini?

ROMANA: Itaiva Jumapili.

MAKARIUS: Jumapili kuna nini?

OPERETA: Bwana fundi, hata mimi nimeshaelewa!

MAKARIUS: We opereta, toka kwenye— Romana. Ni ya wazee wangu?

ROMANA: Mama kasema hangoji mgeni wa Sumbawanga. Kila asubuhi anayaona mwenyewe maji yanavyotoka meupe.

MAKARIUS: Na baba?

ROMANA: Baba ndiye aliyechanja kuni.

MAKARIUS: Baba yako? Kwa mikono yake?

ROMANA: Mizigo miwili! Anasema hajui ni za nini.

MAKARIUS: Wee! Weee!

OPERETA: Dakika zimekwisha.

MAKARIUS: Ndugu yangu, moja tu! Nakuomba!

OPERETA: Jumapili na mimi nipo?

ROMANA: Uje!

MAKARIUS: Romana, mitungi imebaki?

ROMANA: Miwili haijaoshwa!

MAKARIUS: Isioshewe hapo! Nisije nikaponzwa na pombe yangu mwenyewe!

ROMANA: Ufunguo wa jiko nimeuficha, mama anautafuta— mama huyo anakuja! Nakimbilia majivu! Kwaheri, mchumba—

(Mlio wa simu kukatika.)

MAKARIUS: Haloo? Haloo! Opereta, amesema nani mwishoni pale?

OPERETA: Amesema "mchumba." Nimesikia kwa masikio yangu yote mawili. Sasa weka simu, bwana, wenzako wanangoja.

MAKARIUS: Rudia tena.