Marehemu Saburi bin Hemedi na Hesabu ya Watu wa Mzenga

Assalaam aleikum, wazee wetu, akina mama, majirani wa hapa Pangani ya Kibaha na ninyi mliotoka mbali. Mimi ni Zahoro, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma nisome maisha yake, nami nitayasoma kama alivyopenda mambo yasomwe, bila kutia chumvi wala kuruka tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1934, karibu na Mlandizi, mtoto wa pili wa Mzee Hemedi, mkulima wa mihogo na mikorosho, akasoma Kurani chuoni, kisha shule hadi mwaka 1951, ambako walimu walimjua kwa kugoma kula mpaka hesabu yake ikubali. Tarehe 2 Januari 1957 aliajiriwa karani katika boma la Kisarawe, na nchi ilipopata uhuru na kuanza kuchagua rais, mwaka 1962 na 1965, alikuwa miongoni mwa waliokaa vituoni na daftari na wino. Tarehe 8 Agosti 1964 alimwoa Biubwa, binti wa Mzee Mfaume wa Mzenga, wakajaliwa watoto wanne, Mboni, Mbaraka, Mwamvita na Kitwana, na wote wapo hapa.

Sasa nafika mwaka 1970, ambao familia tulibishana kama usomwe, mimi nikashikilia usomwe. Mwezi Septemba mkubwa mmoja wa uchaguzi, ambaye sitamtaja kwa kuwa naye ametangulia, aliagiza makarani wamuulize kila aliyejiandikisha kama atakwenda kumpigia rais kura, ili ijulikane mapema watajitokeza wangapi, na fomu ilikuwa na safu mbili tu, Ndiyo na Hapana. Saburi alipewa Mzenga, kwa wakwe zake, akapita nyumba kwa nyumba na kofia ya serikali kichwani, Mzee Mfaume, ambaye wakati huo alikuwa balozi wa nyumba kumi, akiwa ubavuni, na mnajijua wenyewe, mtu wetu akiulizwa na mgeni wa boma mbele ya balozi hasemi hapana, husema inshallah. Saburi, aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu, alijua fika kwamba iko inshallah ya kwenda na iko inshallah ya kumwondoa mgeni kwa heshima, lakini safu ya tatu haikuwepo, akaziandika zote Ndiyo, watu mia tano sabini na wanne kati ya mia tano tisini na wanane.

Kura ilipigwa Ijumaa, tarehe 30 Oktoba, Ramadhani ikiwa mlangoni, watu wametawanyika kwenda kuvunja jungu kwa wazazi wao, na waliofika kituoni walikuwa mia tatu kumi na mmoja. Mkubwa yule hakuona kosa la fomu, aliona watu walioahidi kisha wakagoma makusudi, na Jumatatu gari likamchukua Mzee Mfaume, akawekwa ndani siku thelathini na tano, Idi ikampita humo humo, kila siku akiulizwa ni nani aliyewakataza watu. Saburi alikwenda mara tatu kueleza kuwa kosa ni lake, mara ya tatu akaambiwa akirudi tena atalala na mkwewe, na hili alilisema mwenyewe kwa aibu, kwamba hakurudi.

Mzee alitoka amekonda, asimlaumu mtu, lakini mwanawe Mwinyijuma alisimama barazani akasema mbele ya watu, "Wewe Saburi umetuuza kwa kalamu, hata ukifa sikuziki," na tangu siku hiyo marehemu hakukanyaga Mzenga, na Mzee Mfaume alipofariki, tarehe 19 Juni 1973, Saburi alisimama njiani nje ya kijiji akawaona watu wakipita na jeneza, akarudi nyumbani.

Mwaka 1975, watu wamekwisha kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, alipewa Msimbu. Safari hii hakumuuliza mtu kama atakwenda, aliwauliza akina mama, balozi akiwa hayupo, siku hiyo nani atabaki na watoto, nani atalinda nguruwe wasivamie mashamba yaliyoachwa kule mahame, kisha akachukua rula, akapiga mstari wa tatu kwenye fomu na kuandika juu yake Inshallah, na wa hakika wakabaki mia tatu arobaini kati ya mia saba na wawili, nakala akaipeleka mkoani kwa mkono wake.

Mkubwa yule yule alimwita bomani, akamwekea fomu nyingine iliyokwisha kujazwa mia sita themanini, akamwambia, "Tia sahihi." Marehemu alituambia kwamba aliuliza, "Mkubwa, hawa wasipofika utamkamata nani?" akajibiwa, "Usiposaini, na wasipofika, nitajua aliyewakataza ni wewe." Alivua kofia, akaiweka juu ya ile fomu, akatoka. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba alishinda sebuleni amevaa viatu, akisubiri gari, Biubwa kamfungia nguo na sabuni, na waliopiga kura Msimbu walikuwa mia tatu hamsini na sita. Hakukamatwa mtu, maana karatasi iliyokwenda mkoani ilikuwa imekwisha kusema, na kwake gari halikuja, ilikuja barua ya kumwachisha kazi.

Alihamia hapa Pangani, akalima mpaka kisukari kilipomshika mwaka 1981. Kabla ya kulazwa, tarehe 20 Agosti mwaka huu, aliomba daftari, akakadiria watakaokuja kumzika ili wapishi wasihangaike: Kibaha sitini, Msimbu ishirini na watano, Mzenga hakuna. Biubwa alimsihi aongeze, akakataa, kwamba Mwinyijuma alikwisha kusema; na yeye, aliyezoea kuuliza watu nyumba kwa nyumba, kwa miaka kumi na mitano Mzenga hakwenda kuuliza. Alifariki jana, Jumatano, tarehe 11 Septemba 1985, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani, na makarani wenzake waliokuja. Na Mwinyijuma, aliyefika leo alfajiri wa kwanza kabisa, akaniambia, "Habari za Msimbu tulizisikia mwaka ule ule, tukaona haya kuja," ameomba awe mmoja wa watakaoshuka kaburini kumpokea shemeji yake, na familia imekubali.

Kaka, chakula kimepungua. Mzenga wamekuja arobaini na saba. Pumzika.