Shujaa Aliyefunika Uso

Kwenye teksi ya kwenda Mbuya, Okinyi alimpa mama aliyeketi kando yake kitabu cha katuni bila kuombwa, kama wafanyavyo wasomaji wa hadithi za mashujaa wanaoruka. "Soma hiki, mama. Huyu anaokoa mji mzima peke yake."

Mama Kahambu akakifungua kwa hamu. "Mbona amefunika uso?"

"Ili maadui wasimjue."

"Sisi kule Kivu, wakati wa vita, wenye kufunika uso ndio tuliwakimbia." Akafunua ukurasa mwingine, akainamia picha. "Sasa hawa watu anakuja kuokoa, wanajuaje huyu ni muzuri?"

Okinyi alikuwa amekisoma kitabu hicho mara tisa, na swali hilo halikuwahi kumjia. Teksi ikasimama kwenye kituo cha mama. Mama akamrudishia kitabu chake.

"Siku atatoa hiyo kitambaa, mwanangu, uniite nisome."