Karatasi Arobaini na Saba za Mwalimu Haitoshi

Ndugu zetu mliofika, majirani, walimu, wanafunzi na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, anayewasomea hapa ni mjukuu wangu mkubwa, binti wa marehemu, lakini maneno ni yangu mimi mama mzazi, nimeyasema kwa siku mbili yeye akiandika, kwa kuwa mimi shule niliiona kwa nje nikipita na ndoo kichwani, na nimemwambia asipunguze neno, hata pale patakapomchoma mwenyewe.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, saa nne asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ileile ambayo mimi nilipiga pasi mashuka yake kwa miaka thelathini na mmoja, akiwa mtoto wangu wa nne, na wa pekee niliyejaliwa kumlea hadi akawa mtu mzima, maana watatu waliomtangulia hawakufika hata kutembea. Baba yake, aliyekuwa mpima mizigo katika kiwanda cha sabuni, alipomshika mara ya kwanza alimnyanyua mara mbili kama anayepima gunia, akasema, "Mwepesi huyu, lakini sauti yake ni kilo tisini," na watu wa wodi nzima wakacheka.

Alianza darasa la kwanza Januari 1973 katika shule iliyo nyuma ya kituo cha reli, akamaliza mwaka 1979, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1980 hadi 1983, na katika miaka hiyo alijaribu mara tatu kunifundisha kusoma, nami nikamkimbia mara tatu, nikimwambia, "Wewe soma, mwanangu, mimi nitasikia," na hapo ndipo ulipoanza utaratibu wetu, yeye ananisomea kila alichoandika nami nimekunja kanga zangu mapajani, halafu ananiuliza, "Mama, mtu husema hivi kweli?" nami namwambia, "Hasemi, mwanamke aliyekasirika hasemi maneno mengi hivyo, anasema 'haya,' anaingia ndani," naye anakata mistari sita, anaandika "haya."

Alipomaliza sekondari hakupata nafasi ya kuendelea, basi kuanzia Februari 1984 alikaa barazani mwa posta na meza ndogo, akiwaandikia barua watu wasiojua kuandika, na alikuwa anarudi nyumbani amejaa sauti za watu kama mtungi, mara ni mzee anayemwambia mkewe arudi, mara ni dada anayemwambia kaka yake asirudi kabisa. Mwaka 1986 alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1988, na tarehe 9 Januari 1989 aliripoti katika shule ya msingi iliyo jirani na ghala la mbao, akapewa darasa la tatu, watoto tisini na sita, madirisha manne na chaki nusu boksi.

Huko ndiko alikopewa jina la Haitoshi, kwa sababu mtoto akileta kazi ya mistari mitatu aliandika chini yake kwa wino mwekundu, "Haitoshi," na wazazi walikuja juu, mmoja akasema, "Mwalimu, mwanangu ameandika mvua ilinyesha, na kweli ilinyesha, unataka nini zaidi?" naye akamjibu, "Nataka kujua ilimnyeshea nani, mzazi wangu." Mwaka 1991 aligombana na mwalimu mkuu, aliyezifungia kabatini kazi za watoto muhula mzima, akamwambia mbele ya walimu wenzake kwamba mwalimu anayekaa na kazi ya mtoto ni mwizi, na kwa neno hilo akaondoka mwenyewe kabla hajaondolewa.

Kuanzia Agosti 1991 alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji, kazi yake ikiwa kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kukamata makosa, na huko alikutana na mpanga herufi mmoja mrefu, mkimya, mwenye vidole vyeusi vya wino, ambaye hakujua kutongoza, alichofanya ni kumwachia makosa ya makusudi kwenye ukurasa wa mwisho ili amwite, na walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992. Mungu aliwajalia watoto wawili, huyu anayesoma, aliyezaliwa tarehe 8 Aprili 1994, ambaye leo ni fundi cherehani, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1999, fundi umeme, aliyefika jana kutoka kazini mbali. Mkwe wangu alitangulia tarehe 3 Julai 2011 kwa ajali ya barabarani, na marehemu hakuolewa tena, waliokuja kuuliza aliwaambia, "Nitafuteni nikimaliza kitabu," na hakuna siku aliyokuwa hana kitabu mkononi.

Kati ya mwaka 1995 na 1999 aliandika michezo ya redioni, na wengi wenu mliisikiliza bila kujua ni yake, hadi mkubwa wake wa kazi alipomwambia, "Mama, wasikilizaji wanataka harusi mwishoni," naye akamwambia, "Basi waoe wao," akakusanya kalamu zake. Mwaka 1998 kilitoka kitabu chake cha kwanza, hadithi fupi tisa, kilichopangwa herufi na mumewe mwenyewe, cha pili kikatoka 2006, cha tatu 2015, na tangu Januari 2000 mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani alifundisha katika sekondari yetu hii, miaka ishirini na minne, chumba kilekile cha mwisho kwenye korido, ambacho mlango wake hufungwa kwa tofali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shida yangu. Mwanangu alikuwa haandiki kwenye karatasi safi, alisema karatasi nyeupe inamkodolea macho, basi tangu enzi za kiwandani aliandika nyuma ya karatasi iliyokwisha tumika, na alipokuwa mwalimu aliandika nyuma ya insha za wanafunzi, anasahihisha mbele, anaandika hadithi yake nyuma, Jumamosi anainakili kwenye daftari la jalada gumu, Jumatatu anawarudishia wenyewe kazi zao. Wanafunzi walizoea, wakawa wanapeana darasani, "Wewe una kipande gani, nisome nikupe changu," naye akawakaripia kwa mdomo huku moyoni anacheka. Na alikuwa na mpangilio mmoja, anaanza na insha za wanaojua, anamaliza na za wale wenye alama chache, kwa kuwa hao, alisema, ndio wanaotaka kukaliwa muda mrefu.

Siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, chaki ilimwanguka mkononi akiwa darasani, watoto wakacheka, ikaanguka mara ya pili na ya tatu, wakacheka, ya nne hakuna aliyecheka. Alipopimwa alionekana ana uvimbe kichwani, akafanyiwa upasuaji tarehe 20 Machi 2024, akapata nafuu, mwezi Mei akarudi kazini, tukamshukuru Mungu mapema mno, kwani Septemba kichwa kilirudi upya, na Jumatatu, tarehe 23 Septemba, alilazwa tena, akiwa ameacha mezani insha arobaini na saba za darasa la mwisho, amezisahihisha zote.

Jumamosi ya tarehe 28 wanafunzi walikuja nyumbani kunipa pole, nami nikaiangalia meza ile, nikakumbuka neno lake la mwizi, nikaona kumfurahisha mwanangu ni kuwarudishia watoto kazi zao kabla mitihani haijawatawanya, nikamwita mjukuu wangu, huyu hapa, nikamwambia, "Soma majina," akawa anasoma jina, mimi nakabidhi, na alipogeuza moja akasema, "Bibi, nyuma kuna maandishi ya mama," mimi nikamjibu kwa haraka ya mtu anayejua kila kitu, "Yapo siku zote, ameshayahamisha, endelea." Msimlaumu mtoto, aliona, akasema, aliyemnyamazisha ni mimi.

Jumanne, tarehe 1 Oktoba, marehemu, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha lala na maneno yanamtoka moja moja, alimwambia binti yake, "Za mezani, lete, andika," yaani alitaka anakiliwe, kwa kuwa tangu kichwa kirudi alikuwa hajanakili hata ukurasa mmoja, na mimi kwa furaha nikamjibu, "Nimezirudisha zote, mwanangu, haikubaki hata moja." Akaniangalia. Nilimwona akitafuta neno, akalikosa, akatafuta lingine, mwisho akasema, "Haya."

Mimi ndiye niliyemfundisha maana ya neno hilo.

Kitabu hicho alichokuwa akikiandika ni cha mwanamke mpiga pasi anayemngoja mwanawe atoke kifungoni, nilimuuliza zamani kama ni mimi, akasema, "Si wewe, mama, huyu anajua kunyamaza," na sura zake za mwanzo zimo kwenye daftari, lakini za mwisho ziko nyuma ya hizo insha, na mimi ambaye masikio yangu hushika kila kitu hizo hakunisomea, kichwa kilimuuma, aliniambia, "Subiri, nitakusomea zote kwa pamoja." Mjukuu wangu amepita nyumba kwa nyumba kwa majuma saba, amepata karatasi kumi na tisa, na zote ni za wanafunzi hodari, kwa sababu mwenye alama nzuri huibandika ukutani, mwenye alama mbaya huipoteza kabla baba hajarudi. Mama mmoja alituambia, "Karatasi? Kwangu haikai siku mbili, nawashia jiko," binti mmoja alisema ameikata vipande akafungia vifungo vya nguo anavyouza, tukavipata vipande vitatu, na kijana mmoja, Mungu ambariki kwa ukweli wake, alisema, "Bibi, nilipata tano kwa thelathini, niliitumbukiza chooni." Mnaona jinsi ilivyokaa? Kwa mpangilio wake wa kusahihisha, mwisho wa kitabu cha mwanangu uko kwa wale waliofeli. Tulizonazo zinakomea pale mama yule yuko nje ya geti ameshika begi la nguo, geti limeanza kufunguka, na hatujui nani anatoka, wala kama anatoka mtu.

Marehemu alijua hivyo. Siku zake zote za mwisho alikuwa akinyanyua mkono wa kushoto na kuchora hewani, tukampa kalamu, ikachora mistari isiyosomeka, binti yake akamuuliza, "Mama, anatoka mwanawe?" hakuitikia wala hakukataa, machozi tu yalishuka upande mmoja, na alifariki siku ya Jumanne, tarehe 19 Novemba 2024, saa nane na dakika arobaini mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mimi nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sindano.

Kwa hiyo nawaomba, na ninaomba mbele ya mwili wake ili msidhani ni maneno ya majonzi yatakayopita, ninyi mliopata chini ya kumi, msione haya. Mkuu wa sekondari yetu ameniahidi hatauliza alama, wazazi mlioko hapa nawaomba mniahidi hamtauliza wala kumgusa mtoto, na mimi mwenyewe, wa kwanza kufeli katika hii nyumba, sijui kusoma, hata ukinionyesha upande wa mbele siwezi kukucheka. Ikiwa imekatika leta kipande, ikiwa imelowa leta ilivyo, na ikiwa haipo kabisa lakini uliisoma, njoo unieleze ulichokumbuka, hata kama ni mstari mmoja, mimi nitausikia kama ni wake au si wake. Na wewe mwenye ile ya arobaini na saba, ya mwisho kabisa, uliyesema huna, nimekuona umefika, sikutaji na sikutazami, ila ujue insha yako ndiyo aliyoikalia muda mrefu kuliko zote, mchana mzima, chai ikapoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Februari, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyekuwa akimwita mwalimu hata alipokuwa hawezi kuitika, tunawashukuru majirani mliochota maji na kupika bila kuulizwa, walimu wenzake mliogawana vipindi vyake ili jina lake lisifutwe kwenye ratiba, wachapaji wenzake wa zamani, na wanafunzi mliochimba na kubeba tangu asubuhi, hatuwezi kuwataja mmoja mmoja, mtupokee hivyo hivyo.

Mwanangu, umefundisha, umezaa, umeandika, umechoka, pumzika kwa amani. Mimi bado. Chumba changu ni mlango wa tatu kutoka bombani, kuanzia leo sitaufunga, nitakaa kizingitini nikisikiliza hodi.