Sikio la Mabomba

Kaka yetu, tunayemlaza hapa leo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, na mama alikuwa akisema kwamba mwezi wa kwanza alimlaza kwenye droo ya kabati.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Alipenda hesabu, lakini macho ya baba yalikuwa yameanza kuharibika, kwa hiyo akabaki nyumbani kumtungia uzi kwenye sindano. Sisi wadogo zake tukapata sare za shule.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa idara ya maji kuchimba mitaro. Fundi mzee aliyempokea alikuwa na sheria moja: mwaka wa kwanza mwanafunzi habebi swali, anabeba nondo. Kaka aliibeba mwaka mzima, kimya. Mwaka wa pili mzee aliweka ncha moja ya nondo barabarani na nyingine kwenye sikio la kaka, akamwambia, "Sikiliza." Tangu hapo alisikia bomba likivuja chini ya lami kama mama anavyomsikia mtoto akigeuka usingizini. Wakamwita Sikio. Vijana walimtania, "Mzee Sikio, mizimu inasemaje leo?" Naye alikuwa akijibu, "Mizimu haivuji, mwanangu. Shika sururu."

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1988. Mchumba alimpata kazini. Bomba la kwao lilitengenezwa mara tatu, na shemeji anasema halikuwahi kuvuja.

Mwaka 2017 aliletwa injinia, binti wa miaka ishirini na sita, achore ramani ya mabomba yote. Karatasi za zamani zililiwa na mchwa. Ramani iliyobaki ilikuwa kichwani mwa kaka. Siku ya kwanza binti alisema, "Shikamoo mzee. Koki ya nyuma ya soko iko wapi? Na kwa nini iliwekwa hapo?" Maswali mawili, hata sisi wachimbaji chai hatujanywa. Kaka aliitikia salamu, akachukua nondo yake, akaondoka.

Injinia aliniambia, "Anko, kaka yako mchoyo wa elimu."

Kaka aliniambia, "Yule mtoto hana adabu."

Mimi nilifanya kazi na wote wawili, na nilijua hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ningesema maneno mawili tu kwa kila mmoja, yangekwisha. Niliona haya, nikanyamaza miaka minne.

Ijumaa tarehe 28 Mei 2021, siku chache kabla ya kustaafu, kaka alikaa ukingoni mwa mtaro akasema, "Mdogo wangu, mambo haya nitayapeleka wapi? Mwambie yule binti aje Jumatatu. Aulize mpaka achoke." Nilimwambia. Binti alinishika mikono yote miwili kwa furaha.

Jumapili asubuhi kaka alianguka bafuni. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na maneno yote.

Injinia alikuja wodini kila Jumatano na karatasi kubwa. Aliuliza, "Ni hapa, baba?" Kaka alitikisa kichwa kukubali. Alikubali kila mahali, hata katikati ya mto, huku machozi yakimtoka. Mwishowe binti aliacha kuuliza. Akawa anakaa kando ya kitanda, kimya, saa nzima. Mwaka wake wa kwanza wa uanafunzi ulikuwa umeanza, na mwalimu hakuwa amebakiwa na mwaka.

Kaka alifariki Alhamisi tarehe 14 Oktoba 2021, saa kumi na moja alfajiri.

Leo ni siku ya tisa mtaa wa nyuma ya soko hauna maji. Wamechimba mashimo saba na ile koki ya kufungulia maji, iliyofukiwa chini, haijaonekana. Jana injinia alikuja msibani na udongo kwenye viatu, akaniuliza kama mimi najua. Sijui. Mimi nilichimba tu alipoonyesha kaka.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na sisi wadogo zake wanne. Nondo yake shemeji amempa injinia. Aliipokea kwa mikono miwili, hakuuliza kitu.

Lala kwa amani, kaka, ndani ya udongo uliouchimba miaka arobaini. Sisi huku juu hatusikii chochote.