Zimwi Lilipotoka Kwenye Sinema

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya duka la fundi cherehani, na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Asubuhi ile walikaa watatu: fundi mwenyewe, kinyozi wa mlango wa pili, na mzee waliyemwita Projekta, kwa kuwa miaka ishirini na sita alionyesha filamu kwenye jumba la sinema ambalo sasa ni ghala la saruji. Mkewe alifariki miezi mitatu nyuma. Tangu hapo Projekta amekuwa wa kwanza kufika kijiweni na wa mwisho kuondoka, na wenzake wanajifanya hawaoni.

Ubishi aliuanzisha kinyozi, akidai filamu za kutisha za siku hizi hazina lolote. Zamani zimwi lilikuwa zimwi: mtu kavalishwa mpira, damu ni rangi, lakini unatetemeka mpaka magoti. Zikaja kanda za video, jamaa na kisu chake anawamaliza vijana mmoja mmoja. Kisha mizuka ikahamia kwenye simu.

— Na sasa? — aliuliza fundi.

— Sasa mizuka imekwisha. Taa kila kona, itajificha wapi?

Fundi hakukubali. Kwa maoni yake, watengeneza filamu wananunua siri zetu kwenye makampuni ya simu, wanajua kila mtu anaogopa nini, wanampikia ya kwake peke yake. Kinyozi akaapa kwamba ya kwake basi lazima ina mama mkwe. Wakacheka. Projekta hakucheka.

Binti yake alikuwa amemwekea filamu mpya kwenye simu, apate cha kupitishia muda. Projekta aliwasimulia taratibu. Haina zimwi, haina kisu. Ni mzee tu nyumbani kwake, anasikia maji yanamwagika bafuni, anakwenda, hakuna mtu. Anarudi, anakaa.

— Ikaishaje? — aliuliza kinyozi.

— Sijui. Niliizima.

Enzi zake, alisema, watu mia nne walipiga yowe kwa pamoja, yeye akiwatazama kupitia kitundu cha chumba chake, kisha wakatoka wanachekana. Mkewe aliuza tiketi mlangoni. Filamu ikipamba moto alipanda ngazi, eti analeta chai, kumbe anaogopa kukaa chini peke yake. Siku hizi mtu anatishwa akiwa na simu yake tu, na hakuna wa kumcheka.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi yake alikuwa akiwasikiliza, kasimama mlangoni.

— Sasa baba, siku hizi ukiogopa unamwambia nani?

Kinyozi aliinamia kikombe chake. Fundi aliikunja sketi, akaikunjua, akaikunja tena. Projekta alifungua kinywa atoe mzaha kama kawaida yake, likatoka jina la marehemu mkewe.