Sahani Iliyoanikwa Pamoja na Mahindi

Karibuni tukae pamoja, wasikilizaji wapendwa. Ni mimi, bibi yenu Grasiana, hapa Korogwe. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza. Leo tunamkumbuka Mzee Matayo wa Manundu. Ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka themanini na minne. Mzee Matayo, yule mwenye sahani za santuri.

Alizaliwa Mazinde. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, asirudi tena. Matayo mwenyewe alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Alimuoa Hosiana, binti wa Kabuku, aliyeimba katika bendi ya shambani. Mwaka 1971 bendi ile ilikwenda Dar es Salaam, ikarekodi sahani moja tu. Moja, wasikilizaji. Upande wa kwanza anaimba Hosiana.

Hosiana alifariki mwaka 1987. Mzee akahamia Manundu na sahani zake saba. Jumapili jioni alifungua mlango, akatoa viti nje, akaweka muziki. Hakualika mtu, lakini watu walikuja. Nami nilikuwa naenda. Adhana ikianza msikitini, aliinua sindano. Ikiisha, aliirudisha palepale. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Sasa niwaambie habari ya Fausta.

Fausta ni mke wa Richard, mtoto wa mzee. Aliolewa mwaka 1994, akiwa na miaka kumi na tisa. Kwao Mazinde hawakuwa na santuri. Siku moja mzee alikwenda Kabuku msibani. Fausta akaona zile sahani zina vumbi, akataka kumfurahisha baba mkwe wake. Akaziosha zote saba kwa sabuni ya mche. Kisha akazianika juani, kwenye turubai, pembeni ya mahindi.

Fausta mwenyewe ameniambia hivi: "Mama, ule weusi uling'aa, nikafurahi. Nikasema leo baba atanisifu. Nilipokwenda kugeuza mahindi nikakuta zimeinua kingo, zote."

Wasikilizaji wapendwa, sahani ya santuri haipendi jua. Jua huilainisha, ikapinda. Na katika zile saba, moja ndiyo ilikuwa na sauti ya marehemu Hosiana. Haikuwepo nyingine nyumbani.

Mzee aliporudi alimkuta mkwe wake mlangoni, amefunga kanga zake kwenye kikapu, macho mekundu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani, baba. Nimeharibu."

Mzee akatazama turubai. Akainama, akazoa mahindi yaliyokauka, akayatia guniani. Kisha akasema, "Nyumbani ni hapa. Weka kikapu, unisaidie kubeba gunia."

Jirani yao, Salimu seremala, alikuja kuona. Salimu hawezi kukaa bila utani. "Mzee Matayo, hizi si sahani tena, ni mabakuli. Tutie uji?"

"Tia," mzee akajibu, "ila hilo bakuli la mwisho lina mke wangu ndani."

Salimu hakucheka tena. Alikwenda dukani kwake, akang'oa vioo viwili vya dirisha, akavileta. Mwezi mzima dirisha lake lilizibwa kwa boksi. Alipoulizwa, alisema anapenda kivuli.

Wakaiweka sahani ya Hosiana kati ya vioo viwili. Kila asubuhi waliitoa nje, kwenye jua dogo la saa moja, ipate joto kidogo. Kisha waliiingiza ndani na kuilaza chini ya gunia la mahindi. Walifanya hivyo siku arobaini na moja. Zile sita hazikupona. Hii moja ikanyooka, si sana. Sindano ilikuwa inaruka, mzee akaibandikia kifungo cha shati kwa juu ipate uzito, ikatulia. Hosiana akaimba tena, sauti ikipanda na kushuka, kama mtu anayeimba juu ya trekta.

Mzee Matayo hakulitaja lile kosa tena. Lakini Fausta hakuigusa santuri tena. Jumapili, wimbo ukianza, alikwenda jikoni. Miaka thelathini na zaidi alikwenda jikoni. "Nilijua ni mpole," ameniambia, "ila sikujua kama amenisamehe. Mtu anaweza kukunyamazia tu."

Richard aliuingiza wimbo ule kwenye simu. Mzee alishukuru, akausikiliza, kisha akasema, "Ni mzuri. Lakini hii sahani Hosiana alinipa kwa mkono wake. Halafu sahani inakukalisha. Ukiacha kukaa, nani atageuza upande wa pili? Na ukikaa wewe, jirani naye anakaa." Nimekaa pale mara nyingi, wanangu. Nashukuru kwa kila kiti.

Baada ya mazishi, Richard alifungua jalada la sahani ile. Kwenye karatasi ya ndani, inayofunika sahani, palikuwa na maandishi ya mzee. Richard akasoma kwa sauti, ndugu wote wakisikia: "Nikiondoka, apewe Fausta. Yeye ndiye aliyeiosha."

Ndugu wakacheka na kulia. Fausta akaomba aone mwenyewe. Chini palikuwa na tarehe. Ilikuwa ya mwaka 1994, mwezi uleule wa mahindi. Wakati huo sahani ilikuwa bado chini ya gunia. Mzee hakujua kama itapona, na alishampa.

Kwa Richard, kwa Fausta, na kwa wajukuu wote, poleni sana. Salimu nawe, pole kwa rafiki yako. Mungu amlaze Mzee Matayo mahali pema. Nasi tuliobaki, tujiulize: yupo nani nyumbani mwetu anayekwenda jikoni wimbo ukianza? Kama tumemsamehe, tumwambie leo, naye asikie.

Fausta yupo hapa studio. Amekuja na sahani, ameipakata tangu Manundu. Santuri ya mzee ipo mezani. Nimemuuliza kama niweke mimi. Amesema, "Hapana, mama. Naweka mwenyewe."

Anabandika kifungo. Anashusha sindano. Tusikilize.