Nilitafuta Mazuri Tu

Kaka: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

Mkutubi: Kaka, ni mimi. Nimeazima simu ya mwalimu wa mafunzo, yangu imezima. Mama yuko wapi?

Kaka: Siku hizi hatusalimiani?

Mkutubi: Shikamoo. Mama yuko wapi?

Kaka: Marahaba, msomi wetu. Yupo hapa koridoni, kitandani, ameshavalishwa gauni la kijani. Wanamalizia kusafisha chumba cha upasuaji. Sahihi nimeshaweka—

Mkutubi: Umeshaweka?

Kaka: Si ulisema niweke? Jumapili pale sebuleni ulisema umesoma tafiti zote za upasuaji wa mgongo, wazee wengi wanainuka na kutembea. Mama alikusikiliza wewe, maneno ya daktari hakuyajali kabisa.

Mkutubi: Kaka, ngoja. [Mtandao unakwaruza.] Unanisikia?

Kaka: Unakatikakatika. Sogea dirishani.

Mkutubi: Nipo dirishani. Haya mafunzo yetu wakutubi, ya kuwasaidia madaktari kukusanya tafiti zote za jambo moja ili zipimwe kwa pamoja—

Kaka: Nayajua. Umetuimbia mwezi mzima.

Mkutubi: Leo mwalimu ametuonyesha utafutaji mbovu, tuukosoe. Mtu aliandika kwenye kompyuta "faida za" dawa fulani, basi. Mwalimu akasema huyu hajatafuta kitu, amekwenda kuchukua jibu alilotoka nalo nyumbani. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Kaka: Sasa?

Mkutubi: Ndivyo nilivyotafuta ya mama. Faida za upasuaji. Nilitaka apone, nikatafuta mazuri, nikaletewa mazuri tu.

Kaka: We mtoto, we.

Mkutubi: Nimetoka darasani, nimetafuta upya. Nimeweka madhara, nimeweka vifo, nimeweka na wale waliotibiwa kwa mazoezi bila kupasuliwa. Tafiti zimekuja nyingi mno, sijasoma hata robo.

Kaka: Na hizo ulizosoma?

Mkutubi: Wenye presha na sukari kama yeye... Kaka, mwambie daktari asubiri.

Kaka: Nesi ameshashika kitanda. Maji yameshamwagika, mdogo wangu.

Mkutubi: Hayajamwagika, bado yuko koridoni. Na si dharura, daktari mwenyewe alisema hata mwezi ujao inawezekana—

Kaka: Nimwambie nini? Kwamba mdogo wangu alikosea kutafuta?

Mkutubi: Mwambie hivyo hivyo. Naogopa, kaka.

Kaka: Na mimi je? Jina langu ndilo lililoandikwa pale. Akibakia humo ndani mimi nitawa— Nesi, subiri kidogo, tafadhali. Hapana mama, ni mambo ya kazini kwake. Mama, lala. Haya, shika.

Mama: Mwanangu.

Mkutubi: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba. Nimesikia. Kibovu ni mgongo, masikio mazima.

Mkutubi: Mama, nisamehe—

Mama: Hayo baadaye. Jumapili ulipokuwa unasoma habari za wanaopona, ulikuwa unakwepa macho yangu. Nikajua mtoto anaogopa. Nikaona nikiuliza habari za wasiopona nitakuzidishia hofu, basi nikanyamaza. Usingizi sijaupata tangu siku ile.

Mkutubi: Ungeuliza tu, mama.

Mama: Nauliza sasa. We baba, mwambie nesi anirudishe wodini. Siingii humo na habari nusu.

Kaka: [Kwa mbali.] Nesi, samahani sana. Tunaomba isimame kwanza. Tuitie daktari.

Mkutubi: Wamekubali?

Mama: Uso umemkunjamana, lakini kitanda amekigeuza. Haya, nisomee. Na mabaya pia. Usinichujie.

Mkutubi: Mama, simu si yangu, na salio—

Mama: Soma, mwanangu.

Mkutubi: Wanasema... katika wagonjwa mia wa umri wako, wenye sukari, wale ambao hawaku—

Mama: Hawaku nini? Haloo? [Kimya.] Mwanangu? Baba, imekatika. Nishike mkono kwanza. Halafu umpigie.